Laki tano kwa kila jina: jinsi mume na mke wanavyoweza kukinga akiba yao benki ikianguka

Tulipouza ploti yetu ya Kitengela tulibaki na shilingi 1,400,000 baada ya kulipa wakili na madeni ya hapa na pale. Tulizipeleka zote katika benki moja hapa Nairobi, ile tuliyoizoea kwa miaka mingi, tukazigawa hivi: 400,000 kwenye akaunti yangu ya akiba, 300,000 za muda maalumu, nazo kwa jina langu, 350,000 kwenye akaunti ya mume wangu, na 350,000 kwenye akaunti yetu ya pamoja. Afisa aliyetuhudumia alituambia kwa upole, "Msiwe na shaka, mama. Kila akaunti ina bima yake ya laki tano." Tukashukuru, tukapanda matatu, tukarudi nyumbani roho zimetulia.

Alikosea. Niligundua baada ya miezi minane, na usiku huo sikupata usingizi. Bima ya amana humhesabu mteja ndani ya benki, wala si idadi ya akaunti alizofungua. Ile miezi minane yote, benki ingeanguka, shilingi 200,000 zangu zingekuwa nje ya kinga kabisa, na zile za akaunti ya pamoja zingetuletea maswali ambayo hatukuwa tumejiandaa kuyajibu. Mwongozo huu ni hatua tulizofuata kupanga upya. Unaweza kuzimaliza jioni moja, ukiwa na karatasi, kalamu na mwenzako.

Hatua ya 1: Elewa kinachokingwa na anayekikinga

Kazi hii ni ya KDIC, shirika la serikali ya Kenya la bima ya amana. Liliundwa kwa sheria ya mwaka 2012, likachukua nafasi ya bodi ya kulinda amana iliyokuwapo tangu miaka ya 1980. Michango hulipwa na benki zenyewe. Wewe mteja hukatwi kitu, hujazi fomu, hujisajili popote. Ukifungua akaunti katika benki ya biashara, benki ya mikopo midogo au kampuni ya fedha za nyumba iliyopewa leseni na Benki Kuu ya Kenya kupokea amana, umeshaingia.

Kiwango cha juu ni shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila taasisi. Kimekuwa hivyo tangu tarehe 1 Julai 2020. Kabla ya hapo kilikuwa 100,000, na waliokuwa na akiba mwaka 2015 na 2016 wanakumbuka uchache wake. Dubai Bank iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeishika benki iliyoshindwa kujiendesha, Agosti 2015. Imperial Bank ikafuata tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo. Tarehe 7 Aprili 2016 ikawa zamu ya Chase Bank. Benki tatu, kwa muda usiotimia miezi minane, na zote makao yake makuu yalikuwa hapahapa Nairobi. Ninazitaja kwa sababu kuna watu wanaodhani kuanguka kwa benki ni habari ya nchi za mbali.

Sasa rudia maneno haya mawili mpaka yakukae kichwani: kila mteja, kila taasisi. Akaunti yako ya akiba, ya hundi na ya muda maalumu ndani ya benki moja zinajumlishwa pamoja. Tawi la Moi Avenue na tawi la Westlands ni benki moja; kufungua akaunti ya pili katika tawi jingine hakukuongezei hata senti moja ya kinga. Akiba za simu nazo zimo. M-Shwari ni akaunti ya benki ya NCBA, na KCB M-Pesa ni akaunti ya KCB. Ukiwa na 450,000 tawini NCBA na 80,000 ndani ya M-Shwari, jumla yako katika benki hiyo ni 530,000, hata kama hizo za simu uliziweka kidogo kidogo ukiwa kwenye foleni ya matatu na hukuwahi kuziona kama "pesa za benki".

Hatua ya 2: Andikeni kila kitu kwenye karatasi moja

Kaeni wawili. Kwa kila akaunti andikeni vitu vinne: jina lililo kwenye akaunti, benki, salio, na deni lolote mnalodaiwa na benki hiyo. Pangeni orodha kwa kufuata benki, msiipange kwa kufuata mtu, maana hapo ndipo jumla inaonekana.

Jina ndilo linaloamua. Huenda ninyi wawili nyumbani mnasema "pesa zetu", na hata sheria ya ndoa ina la kusema kuhusu mali mliyoichuma pamoja, lakini benki ikifungwa anayetambuliwa kuwa mteja ni yule ambaye akaunti ina jina lake. Akaunti ya mume peke yake ni kinga ya mume peke yake, hata kama nusu ya pesa hizo zilitoka kwenye mshahara wa mke. Kwa upande mwingine hii ni habari njema: mke na mume ni wateja wawili. Mkiwa na akaunti zenu binafsi katika benki ileile, kila mmoja ana laki tano zake.

Biashara huwachanganya wengi. Mwenye duka la vifaa pale Kirinyaga Road aliyeandikisha jina la biashara tu, bila kuunda kampuni, bado ni yeye yule. Jina la duka halimfanyi kuwa mtu wa pili mbele ya sheria. Kwa hiyo pesa za duka na pesa zake binafsi katika benki hiyo azihesabu pamoja. Kampuni yenye dhima ya kikomo ni habari nyingine: hiyo ni mtu kisheria, tofauti na wenye hisa. Na chama chenu cha wanawake ishirini kikiwa na akaunti moja, kihesabuni kama mteja mmoja. Nimekaa katika mkutano nikasikia mweka hazina akisema chama kina kinga ya milioni kumi kwa sababu wanachama ni ishirini. Hilo ni tumaini tu, na mtu hapangi akiba kwa tumaini.

Hapa niseme jambo ambalo si la hesabu. Nyumba nyingi za Nairobi zina akaunti ambayo mmoja haijui. Sikuhukumu, kila mtu na sababu zake. Lakini akaunti isiyojulikana na mtu mwingine yeyote humsumbua aliyebaki siku mwenyewe akifariki, na akaunti ya benki isiyoguswa kwa miaka mitano hupelekwa kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, UFAA. Kama hutaki kuitaja sasa, iandike kwenye karatasi, uifunge ndani ya bahasha, umpe mtu unayemwamini.

Hatua ya 3: Akaunti ya pamoja, ihesabuni kwa ukali

Hapa ndipo wenzi wengi hukwama. Kila unayemuuliza ana jibu lake: wengine husema akaunti ya pamoja ina laki tano zake peke yake, wengine kwamba hugawanywa nusu kwa nusu, wengine kwamba kila jina huleta laki tano na hivyo akaunti moja inakingwa hadi milioni. Sisi tuliamua kutumia kipimo ambacho hakituumizi, jibu lolote liwalo.

Kipimo chenyewe ni hiki. Mke achukue jumla ya akaunti zake binafsi katika benki hiyo, aongeze salio lote la akaunti ya pamoja, lote kabisa, si nusu yake. Mume naye afanye vivyo hivyo. Kama kila mmoja anabaki chini ya 500,000, basi mmelala salama. Pesa ile ya pamoja ihesabiwe peke yake, igawanywe, au iongezwe kwenye jina la yeyote kati yenu, hakuna tafsiri itakayoisukuma nje ya kinga.

Kwa hesabu yetu sisi, mambo yalikuwa hivi. Mimi: 400,000 na 300,000 na 350,000, jumla 1,050,000. Yeye: 350,000 na 350,000, jumla 700,000. Wote wawili tulikuwa tumepita. Mume wangu alitazama tarakimu hizo kwa muda, akasema tu, "Kesho tunaamkia benki."

Ombi langu kwenu ni kwamba swali la akaunti ya pamoja mliandikie benki barua au barua pepe, na jibu lenu mlitake kwa maandishi. Mimi nilipewa jibu la mdomo mara ya kwanza, na mmeona lilivyokuwa. KDIC nao wana ofisi Upper Hill na wanapokea maswali ya wananchi. Waandikieni moja kwa moja.

Kuna jambo jingine kuhusu akaunti ya pamoja ambalo halihusu bima lakini lina uzito uleule: sahihi. Je, mmoja wenu anaweza kutoa pesa peke yake, au lazima mtie sahihi wote wawili? Akaunti ya sahihi mbili inalinda dhidi ya mmoja kuamka na kumaliza akiba, ila mwenzako akiwa Ughaibuni au wodini, pesa zimefungwa. Angalieni mlichoandika siku mliyofungua. Wengi hawakumbuki.

Hatua ya 4: Toeni madeni

KDIC inapohesabu malipo yako, huchukua jumla ya salio lako katika benki hiyo kisha hutoa unachodaiwa nayo. Mume wangu alikuwa na mkopo wa benki ileile, umebaki 180,000. Benki ingefungwa akiwa na 350,000 zake, asingepokea 350,000. Angepokea 170,000, na deni lake la 180,000 lingekuwa limefutika.

Kwa karatasi hajapoteza kitu. Lakini kama 350,000 hizo ndizo karo ya muhula na kodi ya nyumba, tofauti inauma, maana ule mkopo alipanga kuulipa polepole kwa miaka miwili na ghafla umelipwa wote kwa siku moja. Ndiyo maana ushauri wangu ni huu: benki inayowadai isiwe ndiyo inayowawekea pesa za dharura.

Hatua ya 5: Ondoeni visivyo amana

Piteni orodha yenu tena mkiwa na kalamu nyekundu.

Sacco si benki. Saccos zinazopokea amana husimamiwa na SASRA, mamlaka ya kusimamia sacco, na bima ya KDIC haifiki huko. Hii haina maana kwamba mtoe pesa zenu kwenye sacco. Mikopo ya sacco imejenga nusu ya mitaa tunayoishi. Maana yake ni kwamba msizihesabu kwenye laki tano.

Mifuko ya uwekezaji wa soko la fedha, ile ambayo vijana wengi siku hizi huweka akiba kupitia simu, ni uwekezaji na husimamiwa na mamlaka ya masoko ya mitaji, CMA. Nayo haimo. Angalizo hapa: benki kadhaa zina kampuni dada zinazouza mifuko hii, na mauzo hufanyika kwenye kaunta ileile, na afisa yuleyule, mwenye sare ileile. Kununua ndani ya jengo la benki hakugeuzi uwekezaji kuwa amana. Soma karatasi uliyotia sahihi. Kama inataja "vipande" vya mfuko, si amana.

Hisa, hata hisa za benki yenyewe, hazimo. Bima ya maisha yenye akiba ndani yake haimo. Hati fungani na hati za muda mfupi za serikali ni deni la serikali kwako, si la benki, kwa hiyo haziingii kwenye hesabu hii kwa njia yoyote. Benki yako ikianguka, hati uliyonunua moja kwa moja kupitia Benki Kuu bado ni yako.

Na msitosheke na maneno "tuna leseni ya Benki Kuu". Benki Kuu hutoa leseni pia kwa maduka ya kubadilisha fedha na kwa kampuni zinazokopesha kupitia simu, na hao hawapokei amana. Orodha ya benki na taasisi zinazoruhusiwa kupokea amana iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Itafuteni benki yenu humo kwa jina lake kamili.

Hatua ya 6: Gawanyeni

Sisi tulifungua akaunti mbili katika benki ya pili, moja ya kila mmoja. Kisha tukahamisha hivi.

Katika benki ya kwanza nilibaki na 350,000, mume wangu akabaki na 350,000 zake, na akaunti ya pamoja tukaipunguza hadi 100,000, ambazo ndizo hasa tunazohitaji kwa kodi, stima na karo ya kila mwezi. Kwa kipimo kile cha ukali, kila mmoja wetu ana 450,000 hapo. Zile 300,000 za muda maalumu hatukuzivunja mapema, maana tungepoteza riba. Tulingoja ziive, wiki sita, kisha nikazihamishia benki ya pili kwa jina langu. 50,000 kutoka akaunti yangu na 250,000 kutoka akaunti ya pamoja zikaenda benki ya pili kwa jina la mume wangu, 300,000 vilevile. Jumla ni ileile 1,400,000, na sasa hakuna shilingi iliyo nje.

Angalieni kwamba hatukujaza laki tano hadi ukingoni. Riba huingia, mshahara huingia, mtu anaweza kukulipa deni la zamani bila kukuarifu. Tumeacha nafasi ya 50,000 katika benki ya kwanza na kubwa zaidi katika ya pili. Ukijaza 500,000 kamili leo, riba ya mwezi ujao tayari imezidi.

Chagueni benki mbili zisizo na uhusiano wa kuwa taasisi moja. Mwaka 2019 NIC Bank na Commercial Bank of Africa ziliungana zikawa NCBA. Mtu aliyekuwa amegawa akiba yake kwa busara kati ya hizo mbili aliamka akiwa mteja wa benki moja. Mkisikia habari za benki zenu kuungana, toeni karatasi yenu mara moja.

Na zikizidi? Mwenye milioni nne ataongeza benki ya tatu na ya nne, au aweke sehemu kwenye hati za serikali. Sidhani ni busara kuwa na benki saba. Utasahau nywila, utasahau akaunti, na hutasoma taarifa hata moja. Kwa familia nyingi ninazozijua benki mbili au tatu zinatosha.

Hatua ya 7: Siku ambayo milango haifunguliwi

Kinga ya kiasi na kasi ya malipo ni vitu viwili. Benki Kuu inaweza kuiweka benki chini ya mrasimu, na KDIC ndiyo huteuliwa, ili kuona kama inaweza kuokolewa au kuuzwa. Wakati huo unaweza kukaa bila kugusa pesa zako. Chase Bank ilifungwa tarehe 7 Aprili 2016 na matawi yakafunguliwa tena tarehe 27 Aprili, chini ya usimamizi wa KCB. Siku ishirini. Imperial Bank ilichukua muda mrefu sana: iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 2015 na ikaingia ufilisi Disemba 2021.

Kwa hiyo matumizi ya mwezi mmoja au miwili, kodi na chakula na nauli, yawe katika benki tofauti na ile yenye akiba kubwa. Hilo lingemfaa mtu mwaka 2016 kuliko kiwango chochote cha bima.

Mkipata habari kwamba benki yenu imefungwa, fanyeni haya siku hiyohiyo. Mwambie mwajiri ahamishie mshahara kwenye akaunti ya benki nyingine kabla ya mwisho wa mwezi. Tafuteni malipo yote yanayokatwa yenyewe kutoka akaunti hiyo, hasa bima ya afya na karo, mpange njia nyingine. Hifadhini taarifa za akaunti za karibuni, hati ya amana ya muda maalumu, kadi na kitabu cha hundi, msitupe kitu. Endeleeni kulipa mkopo wenu kama mnadaiwa, kwa njia ambayo mrasimu atatangaza, kwa sababu deni halifi benki ikifa.

Benki ikipelekwa kwenye ufilisi, KDIC hutoa tangazo magazetini na kueleza wapi na lini wateja wawasilishe madai. Nendeni na vitambulisho vya taifa na ushahidi wa akaunti. Kwa akaunti ya pamoja nendeni wote wawili, mjiokoe na safari ya pili. Kinachozidi laki tano hakijapotea papo hapo: unakuwa miongoni mwa wanaoidai benki, na mfilisi hulipa kidogo kidogo kadiri anavyouza mali na kukusanya mikopo. Inaweza kuchukua miaka, na si lazima irudi yote.

Watatokea watu wa kuwarahisishia mambo. Mmoja atasema ananunua dai lako kwa nusu bei. Mwingine atapiga simu akijiita afisa wa KDIC, akitaka namba ya siri ili "akutumie malipo". Kudai hakuhitaji wakala, na hakuna afisa wa kweli anayeomba namba ya siri. Wazee wetu ndio hulengwa zaidi, kwa hiyo kama mama mkwe wako ana akaunti katika benki hiyo, mpigie wewe kwanza kabla hawajampigia wao.

Karatasi yetu iko ndani ya bahasha moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Tunaitoa Januari na Julai, tunasahihisha masalio, tunakagua kama majina ya warithi katika kila akaunti bado ni yale tunayoyataka, na kila tunapopokea pesa nyingi kwa mkupuo tunaitoa kabla pesa hazijafika benki.